Tao la Nne na Mitende ya Hajja

Nyinyi mnaoshika mwiko leo mna raha ambayo sisi hatukuijua. Mnaweka kile kimashine chenu katikati ya chumba, kinapiga mstari mwekundu kuta zote nne, basi mnajiona mafundi. Mimi nilianza na uzi na timazi kule Lamu, na mwalimu wangu alinipiga kofi la kisogo kila uzi ulipolegea. Silalamiki. Nimestaafu nikiwa na vidole vyangu kumi na mapafu yangu yote, na fundi wa plasta anayeweza kusema hivyo ana haki ya kumshukuru Mungu kutwa kucha.

Lakini msinione mzee wa hadithi za sifa tu. Leo nawasimulia ukuta mmoja nilioujenga mara mbili, mara ya kwanza kwa adabu na mara ya pili kwa akili. Ule wa adabu nusura unipandishe ndege ya kurudi nyumbani kabla ya wakati wangu.

Ilikuwa Dubai, miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu. Karakana yetu ilikuwa Ras Al Khor, imebanwa katikati ya maduka ya vipuri. Jirani wa kulia alifumua injini, wa kushoto alinyoosha milango ya magari yaliyogongwa, na sisi katikati tulimimina maua, matao na malaika wa jasi kwa ajili ya dari za watu wenye uwezo. Nilikuwa na mwenzangu Wasswa, Mganda wa Masaka, aliyekuja Dubai kuwa askari wa mlangoni akaishia kuwa fundi wa kupandisha matao. Alikuwa Mkristo, kwa hiyo alijipa cheo cha mkaguzi wa malaika.

"Fundi Athmani," aliniambia siku moja, ameshika mmoja niliyemtoa kwenye kalibu, "huyu malaika wako, bambi, maskini, ana sura ya polisi. Nani atamwomba kitu huyu?"

Nilimkuna upya mashavu hadi Wasswa akaridhika. Mwenye karakana tulimwita arbab. Alikuwa mwenye karakana na mwenye viza zetu pia, na hilo mlikumbuke, maana ndilo jambo lenyewe. Viza ikifutwa, unafunga begi. Mimi nilikuwa na binti mwaka wa pili wa chuo cha uuguzi Mombasa, na begi langu sikutaka kulifunga mpaka yeye avae ile sare nyeupe.

Mtu wa nne, na ndiye ninayemwandikia haya ijapokuwa nawaambia nyinyi, ni Bi Zuwena. Alikuwa mchoraji wa karakana. Wazee wake walitoka Unguja wakahamia Dubai yeye akiwa mdogo, na Kiunguja chake alikitunza vizuri kuliko watu walioko Unguja yenyewe. Ujanani alipata kukaa Ufaransa akisomea historia ya majengo. Ofisi yake ilikuwa juu ya ngazi ya chuma, ina meza moja ya mteremko na feni iliyolia kama kuku anayetaka kutaga. Arbab alikuwa ameanza kunong'ona kwamba mama huyu amezeeka, penseli zimepitwa na wakati, ataleta kijana wa kompyuta. Bi Zuwena aliyasikia yote akaendelea kuchonga penseli zake.

Saa nne kila asubuhi alitelemka na birika la chai ya maziwa, akakaa juu ya gunia la jasi, akatusomesha. Hakuita kutusomesha. Aliita kupiga soga. Lakini mimi yale ninayoyajua kuhusu kasri za wafalme wa Ufaransa niliyajulia pale, nimekalia ndoo iliyopinduliwa.

"Nyie mnadhani galeri ni ukumbi wa kujidai," alianza siku ya kwanza. "Wacheni wee. Ilianza ni njia tu. Mfalme mmoja pale Fontainebleau alitaka atoke vyumbani mwake afike kanisani, basi wakamtilia njia ndefu nyembamba yenye paa. Ilipokwisha akaona ah, mbona njia yenyewe tamu kuliko kule ninakokwenda! Akaita mafundi kutoka Italia. Mbao chini, picha juu, na plasta ya kuchongwa imezunguka picha zote. Ufunguo akauweka mwenyewe. Mgeni hapiti mpaka yeye amtembeze."

"Mafundi wa kutoka nje?" Wasswa akauliza. "Basi kafeel wao, mwenye viza zao, alikuwa mfalme."

"Hasa. Na nasikia hakuwa mbaya."

Siku nyingine akatueleza ya Louvre. Kulikuwa na kasri mbili zilizoachana, mfalme akaziunganisha kwa galeri moja ndefu kando ya mto, ndefu hata mtu aliyesimama mwisho wa pili humtambui. Na chini ya galeri ile akawapa wachoraji na mafundi wake vyumba vya kukaa. Mimi na Wasswa tukatazamana. Tulikuwa tunakaa Discovery Gardens, watu sita chumba kimoja, kila kitanda kina pazia lake. Nikamwuliza Bi Zuwena kama wale mafundi wa mfalme nao walipangiana zamu ya bafu. Akacheka mpaka akamwaga chai.

Nami nikapata la kumwambia. Nikamweleza kwamba nyumba zetu za mawe za Lamu zimepangwa kwa kumbi ndefu nyembamba, moja nyuma ya mwenzake, na kila ukumbi tunauita msana. Upana wa msana hauamuliwi na tajiri, unaamuliwa na boriti. Mti wa mkoko una urefu wake, ukizidisha upana dari inakuja kichwani. Kwa hiyo ukitaka nyumba kubwa unarefusha, hupanui. Na ule ukuta wa ndani kabisa tunauchonga vidaka, vile vishubaka vya plasta vya kuwekea sahani na vitabu, kimoja kikubwa katikati na vidogo vimepangwa pande mbili sawasawa.

Bi Zuwena aliweka kikombe chini. "Kumbe wewe, mwanangu, umelala ndani ya galeri tangu utotoni, na mimi nakusomesha!"

Siku ile nilipanda cheo machoni mwangu mwenyewe. Na mtu akipanda cheo machoni mwake mwenyewe, vijana wangu, hapo ndipo mwiko unapoanza kumponyoka.

Kazi ikaja kutoka Hatta, kule milimani karibu na mpaka wa Oman. Kulikuwa na bibi mmoja, mama wa watoto wengi, sote tulimwita Hajja. Mume wake alikuwa amefariki, shamba lake la mitende likabaki, na Hajja alikataa katakata kuhamia mjini. Kisha akapata kiharusi. Akapona nusu. Miguu ilirudi kwa msaada wa kigari cha kushikilia, lakini shingo haikugeukia kushoto tena. Daktari alisema lazima atembee kila siku. Na nje kwa miezi mingi ya mwaka hakutembeki, jua la kule linaweza kukaanga yai juu ya kofia.

Mwanawe mkubwa, tuliyemwita sir, alikuwa amewahi kutembelea Versailles. Akapata wazo. Nyumba ya Hajja ilikuwa na baraza ndefu iliyotazama shamba, ina madirisha saba makubwa. Akamwambia Bi Zuwena: mama akienda, bustani iko kulia kwake, anaiona. Akirudi, kulia kwake kuna ukuta mtupu, na kushoto hawezi kugeuza shingo. Basi ukuta ule tuufanye kama wa yule mfalme, matao saba ya vioo, kila tao litazamane na dirisha lake. Mama aione mitende yake kwenda na kurudi.

Bi Zuwena alirudi Ras Al Khor akiwa na miaka ishirini pungufu. Chai ya siku ile ilikuwa ya Versailles mwanzo mwisho. Akatuambia kwamba pale palikuwa na roshani wazi kati ya vyumba vya mfalme na vya malkia, mvua na upepo vikiichezea, wakaifunika wakapata galeri. Madirisha kumi na saba upande mmoja, matao kumi na saba ya vioo upande wa pili.

"Na vioo vyenyewe ni vipande," akasema. "Wakati ule hapakuwa na mtu duniani wa kutengeneza kioo cha ukubwa wa mlango. Waliwavuta mafundi wa Venice kwa siri wawafundishe, na bado walitoa vipande. Wakavipanga. Nasi tutapanga vipande."

Nikabisha. "Bi Zuwena, siku hizi kioo kizima kipo. Tutapandisha kimoja kwa kila tao, siku moja tumemaliza."

"Kioo kizima kikivunjika kimevunjika kizima," akasema. "Na kikikaa pabaya hakihami. Vipande, Athmani."

Nikajisemea moyoni kwamba mama anapenda mambo ya zamani.

Sasa njooni kwenye kosa. Mchoro ulipotelemka kutoka juu nikaukunjua juu ya meza ya kumiminia, nikaona kitu kisichonikalia. Matao matatu ya kwanza yalikuwa karibu karibu. Kisha pengo pana, zaidi ya mara mbili ya mapengo mengine. Kisha matao manne. Hakuna tao katikati. Mimi nimelelewa kwenye ukuta wa vidaka, ambako kitu cha kwanza ni kutafuta katikati ya ukuta kwa uzi, unaweka kile kikubwa pale, halafu unagawa kushoto na kulia. Ukuta usio na katikati kwangu ulikuwa mtu asiye na pua. Nikasema, Bi Zuwena amekosea. Macho yamechoka, na arbab anamtafutia sababu.

Ningeweza kupanda ngazi ile ya chuma, vidato kumi na vinne, nikamwuliza. Sikupanda. Kwetu mtu hamwonyeshi mkubwa wake kosa lake, sembuse mbele ya watu, sembuse mwanamke wa makamo yale aliyekufundisha. Unamsitiri. Unalitengeneza kimyakimya na hata yeye hajui. Nilijiona nimefanya wema mkubwa. Nilikunja mchoro, nikaenda Hatta, nikavuta uzi, nikapata katikati ya ukuta, nikapandisha tao la nne pale pale, matatu kulia, matatu kushoto, mapengo yote sawa. Ulikuwa ukuta mzuri, wallahi. Wasswa aliupiga picha akaipeleka kwao Masaka.

Kitu kimoja sikukifanya. Sikugeuka nikatazama nyuma yangu.

Baraza ile ilijengwa mara mbili. Madirisha matatu yalikuwa ya nyumba ya zamani, manne ya nyongeza, na pale zilipoungana palikuwa na nguzo nene ya kubeba paa. Bi Zuwena aliipima. Mapengo ya mchoro wake yalikuwa mapengo ya madirisha. Kwenye galeri ya vioo ukuta hauna katikati yake. Ukuta unafuata dirisha, na dirisha ndilo linaloamrisha. Vidaka vya Lamu havitazamani na chochote, msana wa ndani hauna dirisha la bustani, kwa hiyo mkono wangu haukuwahi kufundishwa kuuliza ukuta unatazama nini.

Tulipomaliza kupachika vioo, sir alimleta mama yake aione kabla ya kukamilisha rangi. Alikuwa akimwuguza kwake mjini, na Ijumaa iliyofuata ndiyo Hajja alikuwa arudi nyumbani kwake moja kwa moja. Arbab alikuja na kanzu yake nyeupe kabisa. Bi Zuwena alikuja na mkoba wake wa michoro. Ilikuwa Jumapili asubuhi.

Hajja aliingia na kigari chake. Alikuwa mdogo wa mwili, amevaa barakoa ya kizamani usoni, na hakusalimiana na mtu. Akaanza kutembea, madirisha kulia kwake. Kila alipofika dirisha alisimama kidogo akanong'ona. Akafika mwisho, wakamgeuza taratibu, akaanza kurudi, sasa vioo kulia kwake. Akanong'ona tena. Alipofika katikati akasimama. Akatazama kioo. Akatazama tena. Akasema kwa Kiarabu, kwa sauti ya mtu aliyepotelewa, "Saif yuko wapi?"

Wasswa akaninong'oneza, "Banange, Saif ni nani? Kwetu hakuna Saif."

Bi Zuwena alikwenda akainama karibu na Hajja, wakaongea. Aliponyanyuka, uso wake ulikuwa umebadilika. Akatuambia kwa Kiswahili, polepole, ili arbab asifuate. "Mumewe alipanda mtende kila alipozaliwa mtoto. Saba. Anaisalimia kwa majina. Saif ni wa nne, alifariki mdogo. Kwenda amemwona. Kurudi hayupo."

Kisha akasimama pale alipokuwa Hajja, akatazama tao la nne. Ndani ya kioo hapakuwa na mtende. Palikuwa na nguzo nene nyeupe na upindo wa pazia. Akageuka akatazama madirisha, akatazama matao, moja moja mpaka la saba. Halafu akanitazama mimi. Alijua.

"Shu hada, nini hiki?" Arbab naye alikuwa ameona. "Nani amefanya hivi? Sir anataka dirisha kwa tao, tao kwa dirisha! Aliyeharibu kazi hii khalas, nafuta viza yake kesho!"

Nilifungua mdomo. Nikaona sare nyeupe ya binti yangu inakunjwa, nikaufunga.

"Mchoro ni wangu," Bi Zuwena akasema. "Kosa langu, arbab."

Arbab alimtazama muda mrefu, mtu aliyekuwa anatafuta sababu na sababu imemjia mkononi. Lakini sir aliingilia. Akasema hataki kujua ni nani, anataka kujua ni lini. Bi Zuwena akasema Alhamisi. Arbab akasema sawa, Alhamisi, na isipokuwa Alhamisi, Ustadha, utakaa nyumbani kwako na penseli zako.

Tulirudi mjini kwa pikapu, mimi na yeye na Wasswa anaendesha. Milima ya Hatta ikabaki nyuma. Halafu Bi Zuwena, macho mbele, akaniuliza.

"Ulinisahihisha?"

"Ndiyo, Bi."

"Kwa nini hukuja kuniambia?"

"Niliona haya. Sikutaka kukuaibisha."

Alivuta pumzi. "Mwanangu Athmani. Umenionea haya mimi, sasa bibi wa watu amempoteza mtoto wake mara ya pili." Kisha akatoa kipande cha biskuti mkobani akanipa. "Kula. Kesho tuna kazi."

Sijawahi kula kitu kigumu kama biskuti ile. Na sijawahi kumshukuru mtu kama nilivyomshukuru yeye, ijapokuwa siku ile sikuweza kulisema.

Sasa sikilizeni ya kazi, maana hili litawafaa. Jambo la kwanza, usitupe kalibu mpaka mwenye nyumba amehamia na amelala. Kalibu zangu za matao zilikuwa bado ziko karakanani, zimefungwa gunia. Tungezitupa, tungekwisha. Jambo la pili, jasi iliyokauka usiipige nyundo. Ilowanishe kwa sponji pole pole mahali pa kiungo, iachie dakika chache, halafu msumeno mwembamba. Inakubali. Tuliyashusha matao yote saba hivyo, na maua mengi yalitoka mazima tukayatumia tena. Na la tatu, lile nililobishia chai yangu ikapoa. Vioo vilikuwa vipande. Wasswa alivibandua kimoja kimoja, akavipanga juu ya blanketi kwa namba, na kati ya vyote vikavunjika viwili tu. Vingekuwa vizima, vya ukubwa wa mlango, tungesubiri vipya wiki nyingi. Kila kipande nilichokipokea mikononi mwake nilimkumbuka yule mama anayependa mambo ya zamani.

Safari hii sikugusa katikati ya ukuta. Nilivuta uzi kutoka ukingo wa kila dirisha, nikauvusha baraza nzima mpaka ukuta wa pili, nikaupima kwa gunia la kona, kile kipimo cha fundi cha pembe mraba, ili usipinde. Nyuzi kumi na nne zilikatiza baraza. Ilitubidi kutembea tumeinama siku nzima. Bi Zuwena alikuja mwenyewe kila asubuhi akakaa kwenye kiti cha plastiki, mchoro magotini.

Jumatano mchana matao yalikuwa yamesimama, na pale mbele ya nguzo palibaki lile pengo pana nililolichukia. Nilisimama nikilitazama. Safari hii niliuliza.

"Bi Zuwena, hapa pakae patupu?"

"Wewe ungefanya nini?"

"Ningechonga kidaka. Kimoja. Kimo cha mkono wa Hajja, apumzishe mkono akifika nusu ya njia."

Alifikiri, akachukua penseli, akakichora palepale kwenye mchoro wake. "Galeri zile nazo zilichongwa na wageni," akasema. "Chonga cha kwenu."

Nilikichonga kwa kisu, bila kalibu, kwa mkono ule ule niliofundishwa kwa makofi. Ukingo wa chini niliulainisha sana ili usimkwaruze.

Alhamisi Hajja akaletwa. Sir yupo, arbab yupo, Wasswa amevua kofia. Akaanza kutembea, madirisha kulia, akinong'ona. Wakamgeuza. Akaanza kurudi, na sasa nilisikia majina, kwa kuwa nilijua ni majina. La saba. La sita. La tano. Akafika tao la nne. Akasimama.

Ndani ya kioo, vipande vyote vimeungana, palikuwa na mtende mmoja mfupi kuliko wenzake, umeinama kidogo upande wa mlima. "Saif," Hajja akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mama anayemwita mtoto chakula kiko tayari. Akasogea hatua mbili, akakiona kidaka, akaweka mkono wake wa kulia ndani. Ulikaa. Akapumzika pale kwa muda, kisha akaendelea na la tatu, la pili, la kwanza.

Nililia, na sioni haya kuwaambia. Wasswa alikuwa amenipita mbali.

Arbab akapiga makofi, "Yalla, zain, zain, kazi nzuri," anataka kuondoka. Nikamfuata mpaka kwenye gari. Nilikuwa nimekwisha amua usiku wa Jumapili, na siku nne nilikuwa nikitafuta miguu ya kunifikisha. "Arbab, mchoro wa kwanza haukuwa na kosa. Mimi niliubadilisha. Bi Zuwena alinisitiri. Ukitaka kufuta viza, futa yangu."

Alinitazama, funguo mkononi. "Ya Athmani. Mama huyu miaka yote hajakosea hata unene wa msumari. Nilijua pale pale." Akafungua mlango. "Nilikuwa nangoja niwaone nyinyi wawili mpaka mtafika wapi. Kesho Ijumaa, pumzika. Jumamosi saa moja, kazini."

Kijana wa kompyuta hakuletwa. Binti yangu alivaa sare, na sasa ni yeye anayenipima presha na kunikataza chumvi.

Limebaki moja. Miezi mingi baadaye mchoro mwingine ulitelemka kutoka juu, dari ya nyumba fulani, na nikaona kipimo kisichonikalia. Nilikihesabu mara tatu. Karakana ilikuwa imejaa watu, jirani ananyoosha mlango wa gari, na arbab amesimama pale pale na mgeni. Nikapanda vidato kumi na vinne. Mlango ulikuwa wazi, kila mtu chini angeweza kusikia.

"Bi Zuwena, samahani. Hapa naona kama kuna kosa."

Alivaa miwani. Akatazama. Akapima kwa rula yake, akapima tena, feni inalia juu yetu. Kisha akasimama, akatoka mpaka kwenye ngazi akiwa ameshika mchoro juu, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa wafumua injini, "Nimekosea! Athmani ameliona! Nimekosea!"

Na alikuwa anacheka, kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni mwake.